Ruzuku ya TASAF si hisani ya mtendaji

Huku Chamwino, mkoani Dodoma, mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha si mgeni. Wilaya yetu, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ndiko majaribio yalikoanzia, malipo yakatoka mwaka 2010, kabla mpango haujasambaa nchini. Hata hivyo maneno yasiyo ya kweli hayajaisha, na wanaoumia ni walengwa, yaani wanaopokea ruzuku hiyo.

"Kila aliyefutwa kwenye orodha alikuwa tapeli."
Si kweli. Awamu ya pili ya mpango ilipozinduliwa Februari 2020, ilielezwa kuwa kaya zaidi ya 70,000 zimeondolewa, na mitaani zote zikaitwa kaya hewa, yaani za kubuni. Kumbe walikuwamo wazee waliokuwa wakiishi peke yao wakafariki, na wengine ambao hawakufika kupokea malipo. Walikuwamo pia viongozi wa vijiji na watu wenye uwezo wao. Marehemu hakumwibia mtu. Mwizi ni yule anayeendelea kusaini kwa jina lake.

"Ni msaada tu, hauna sheria."
Zipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa nyaraka za udanganyifu (kifungu cha 22), ubadhirifu (28) na matumizi mabaya ya madaraka (31). Kughushi kumo katika Kanuni ya Adhabu.

"Mtendaji wa kijiji ana haki ya kukata mchango palepale kwenye meza ya malipo."
Hili linaniuma zaidi. Shangazi yangu alisaini kiasi kimoja, akakabidhiwa pungufu, akaambiwa kilichobaki ni mchango wa kijiji. Hakupewa stakabadhi. Alishukuru akaondoka, kwa kuwa aliamini amehurumiwa. Mwezi huo debe la mtama alilikopa. Mlengwa anastahili kupokea kiasi chote alichosainia. Kama anadaiwa mchango, adaiwe kama wanakijiji wengine, kwa utaratibu na kwa stakabadhi.

"Ukisema, unafutwa."
Hofu hii naielewa, maana anayeshika orodha ni jirani. Lakini orodha si mali yake: majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu. Na tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupigiwa bure kwa 113. Taja kijiji, tarehe ya malipo, kiasi ulichosainia na kiasi ulichokabidhiwa.