Ubalozi hauwezi kukutoa jela

Jioni, basi la Nairobi likingojea abiria Kisumu, msichana anayekwenda kufanya kazi Saudia huambiwa na mama yake: "Ukishikwa na polisi, mwanangu, ubalozi utakutoa." Ni maneno ya upendo, lakini si kweli. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, yaani kazi ya kuwahudumia raia walio ugenini, unawataka maafisa wa ubalozi waheshimu sheria za nchi mwenyeji. Hawawezi kufuta kesi wala kumwamuru hakimu.

Wanachoweza nacho si kidogo. Ibara ya 36 inawapa haki ya kukutembelea kizuizini, kuzungumza nawe na kukutafutia wakili. Polisi nao wanapaswa kukuarifu bila kuchelewa kwamba una haki ubalozi wako ujulishwe. Hapa ndipo wengi hupotea: ukinyamaza, huenda ubalozi wetu Riyadh usijue kabisa kuwa umeshikwa. Basi omba, tena omba kabla ya kutia sahihi karatasi usiyoielewa.

Nyumbani nako, achia jamaa nakala za pasipoti na mkataba wa kazi. Hata akiwa Siaya, ataweza kuzifikisha Wizara ya Mambo ya Nje.