Sindano Inayosingiziwa

Juzi asubuhi, bibi mmoja wa Mabawa aliushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mtu wa umri wake, akaniambia, "Usimchome, mwanangu. Ukimchoma utamuua." Mjukuu wake, msichana wa miaka miwili na nusu, alikuwa kitandani mbele yetu, macho yamepinda juu, taya zimebana, mkono na mguu wa kushoto vikitetemeka kwa mpigo mmoja, na nguo zake zikinuka moshi. Nilikuwa nimeshika bomba lenye diazepamu, dawa ya kukomesha degedege, nalo halikuwa na sindano, kwa sababu dawa hiyo mtoto anayetetemeka aghalabu hupewa kwa njia ya haja kubwa. Nililigeuza ili aione ncha yake butu. "Bibi, tazama mwenyewe, hapa hapana sindano." Ndipo alipoachia mkono wangu.

Nimehudumia watoto wagonjwa mkoani Tanga kwa miaka 14, na kauli hiyo nimeisikia kwa watu wa Ngamiani, wa Pongwe na wa Muheza, kwa wasiosoma na kwa waliosoma sana. Safari hii imenichosha kiasi cha kuniketisha chini niandike.

Degedege ni jina la kinachoonekana, wala si jina la ugonjwa. Chini ya jina hilo moja yamejificha mambo kadhaa yasiyolingana uzito. Lipo degedege la homa lililo jepesi, ambalo huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, humtikisa mtoto mwili mzima kwa muda usiofika dakika 15, halirudii ndani ya saa 24, na mtoto huzinduka akalia na kumtambua mama yake. Watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa nalo, na walio wengi hukua bila athari yoyote. Ipo pia malaria kali iliyopanda kichwani, ipo homa ya uti wa mgongo, ipo sukari iliyoshuka katika damu, na kipo kifafa chenyewe. Mtoto wa Mabawa alitetemeka upande mmoja tu na kwa muda mrefu, kwa hiyo tangu mlangoni nilijua kwamba hakuwa katika kundi lile jepesi. Kuhusu panadoli nitasema kwa ufupi: humpunguzia mtoto homa na maumivu, lakini haizuii degedege, na mzazi aliyechelewa kuitoa asijilaumu.

Sasa nirudi kwenye sindano, kwa maana hapa ndipo ninapotaka kueleweka. Bibi yule hakuwa anabahatisha. Aliniambia kwamba alimwona kwa macho yake mtoto wa jirani akichomwa na kukata roho kabla ya adhuhuri, na mimi namwamini. Ushahidi wake ni wa kweli, ila hesabu yake ina kasoro. Degedege jepesi hukoma lenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache, lolote litakalofanywa au lisilofanywa. Mtoto akifukizwa mavi ya tembo, akifunikwa kaniki, akipakwa mkojo, au akiachwa tu kwenye mkeka, atanyamaza vilevile, na sifa itakwenda kwa jambo lililofanywa mwisho kabla ya kunyamaza. Yule ambaye degedege lake halikukoma, kwa sababu ubongo wake una malaria au uti wa mgongo wake una usaha, ndiye anayefungwa mgongoni na kupandishwa bodaboda, akifika hospitalini saa kadhaa baadaye akiwa hoi. Tunamchoma kwa kuwa hali yake ni mbaya, na anapofariki, jambo la mwisho waliloliona jamaa zake ni sindano. Kwa mpangilio huo, mganga huachiwa watoto ambao wangepona wenyewe, nasi hukabidhiwa walioshindikana, kisha watu wanalinganisha idadi ya wanaokufa huku na kule. Hata ningekuwa na dawa mara kumi ya hizi nilizonazo, hesabu ya namna hiyo ningeshindwa tu.

Hata hivyo sitaki kudai kwamba hofu hiyo haina mzizi. Diazepamu inaweza kupunguza kasi ya mtoto kupumua, hasa ikirudiwa, na ndiyo sababu tunaweka puto la kumpulizia hewa karibu na kitanda. Kwinini, dawa ya malaria tuliyoitegemea kwa miaka mingi, hushusha sukari, na ikisukumwa haraka kwenye mshipa huweza kuvuruga moyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, ambao watoto wa Hospitali Teule ya Muheza walikuwa miongoni mwa washiriki wake, uliwalinganisha watoto 5,425 wenye malaria kali: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti, dawa nyingine ya malaria, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti mwingine wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo tena, ukaonyesha kwamba kuwamiminia dripu nyingi kwa haraka watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Jambo hilo tulikuwa tukilifundisha kuwa ndiyo huduma bora. Mzee akiniambia kwamba hospitali nayo hukosea, nakubaliana naye bila kusita. Ninachokataa ni kuacha sindano iliyopimwa kwa maelfu ya watoto kwa sababu ya moshi ambao hakuna aliyewahi kuupima.

Mtoto wa Mabawa alikuwa na sukari ya 1.4, ilhali chini ya 2.5 ni hatari. Tulimtia glukosi kwenye mshipa mara moja. Degedege lilianza, kwa maelezo ya bibi, wakati wa adhana ya alfajiri, naye alifika kwetu karibu saa mbili kasoro robo, yaani ubongo wake ulikuwa umekaa takriban saa mbili na nusu ukitetemeka, na muda fulani ndani ya hizo bila sukari ya kutosha. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha kwamba anayo, tukaanza artesuneti.

Hapa nina shaka ninayoibeba kila siku. Katika mikoa yetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu na bado akawa amezimia kwa sababu nyingine kabisa. Uchunguzi wa maiti za watoto uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba kati ya watoto 31 waliohesabiwa na madaktari kuwa wamekufa kwa malaria ya kichwani, 7 walikuwa na chanzo kingine cha kifo. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Ndiyo maana naomba kuchukua maji ya uti wa mgongo, hali ya mtoto ikiruhusu, na ndiyo maana naanza dawa ya kuua bakteria hata kabla ya kuwa na uhakika. Baba wa mtoto wa Mabawa alikataa mgongo uguswe, akisema kipimo hicho hupoozesha. Sindano ile huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, lakini sikupata muda wa kumchorea, na nikaendelea kutibu magonjwa mawili kwa pamoja.

Degedege likianza nyumbani, mlaze mtoto kwa ubavu, msogezee mbali vitu vigumu, tazama saa, kisha toka naye bila kungoja likome. Kijiko mdomoni huvunja meno, na dawa ya kunywa hupitia njia ya hewa hadi mapafuni. Ukifika, niambie saa ngapi lilianza, upande gani ulitangulia, na kila alichopewa, pamoja na mizizi na moshi. Sitakufokea. Mtoto aliyenyweshwa dawa akiwa amezimia namtibu mapafu pia, na nisipoambiwa nitachelewa.

Msichana alizinduka siku ya pili jioni, akaomba maji. Bibi alimpa kikombe cha plastiki, akakipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulinyanyuka kidogo, vidole vikagusa kikombe bila kukikamata. Huenda nguvu ikarudi, kwa maana kwa watoto hurudi mara nyingi, nami nimempa tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Bibi aliniuliza kama akimleta mapema siku nyingine sitamchoma. Nilimjibu kwamba nitamchoma, na kwamba kila bomba nitamwonyesha kwanza.