Msimbo upo, malipo je?

Wanaoandaa madai ya bima ya Medicare huko Marekani wamerithishana imani moja: bidhaa ikishapewa msimbo, basi inalipwa. Sivyo. Msimbo ni jina tu, la kumwezesha mlipaji kujua unazungumzia kitu gani. Kulipa au kutolipa ni uamuzi mwingine kabisa.

Chukua A6250, msimbo wa vikinga ngozi na vilainishi. Muuguzi anafuta ngozi inayozunguka kidonda cha mguuni, anapaka kikinga, anasubiri kikauke, ndipo anabandika bendeji. Ule utando mwembamba huzuia majimaji ya kidonda yasiilainishe ngozi isiyo na kidonda mpaka ikachubuka. Kazi hiyo ina maana, wala hakuna anayebisha. Lakini kifungu cha Medicare cha vifaa vya kufungia vidonda hulipia kinachofunika kidonda chenyewe au kukishikilia kifuniko hicho, tena kidonda kiwe kimetokana na upasuaji, kimetibiwa kwa upasuaji au kimeondolewa nyama iliyokufa. Kikinga ngozi hakimo.

Kinachowachanganya watu zaidi ni vile vitambaa vya kufutia vyenye kikinga ngozi, msimbo A5120. Mgonjwa aliyetobolewa tundu la haja tumboni kwa upasuaji akivitumia kuandaa ngozi kabla ya kubandika mfuko wa kukusanyia haja, vinaweza kulipiwa, dai likiwa na alama ya AU, herufi zinazoongezwa kwenye msimbo kuonyesha kwamba vinatumika pamoja na vifaa kama mfuko huo. Vitambaa hivyohivyo vikitumika kando ya kidonda, havilipwi. Ndiyo maana dai la jirani yako lilipita na lako likarudi, ingawa boksi ni lilelile.