Sifa za kitabibu na za kiepidemiolojia: mfano wa mafua ya nguruwe ya 2009

Kukizuka ugonjwa mpya, watafiti huandika ripoti kuhusu "sifa za kitabibu na za kiepidemiolojia za wagonjwa waliolazwa". Sifa za kitabibu ni yale daktari anayoyakuta kwa mgonjwa aliye kitandani: homa, kifua kubana, picha ya eksirei inaonyesha nini, dawa alianza lini, alipona au la. Za kiepidemiolojia hujitokeza wagonjwa wakishahesabiwa pamoja: ni wa umri gani, wanatoka wapi, waliugua lini, walikuwa na maradhi gani tangu awali.

Tuchukue mafua ya nguruwe, virusi vya H1N1 vilivyotambuliwa Aprili 2009 Mexico na Marekani. (Tusiyachanganye na homa ya nguruwe ya Afrika, inayowafilisi wafugaji wetu. Hiyo haimpati binadamu kabisa.)

Huko Marekani walichunguzwa wagonjwa 272 waliolazwa miezi ya mwanzo. Kitandani walikuwa na homa na kikohozi kama mafua mengine, ingawa karibu 4 kati ya 10 walitapika au kuharisha. Robo walihitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na asilimia 7 walifariki.

Lakini wapange kwa umri uone. Asilimia 45 walikuwa chini ya miaka 18. Waliofikisha miaka 65 walikuwa asilimia 5 tu! Mafua ya kila mwaka huua wazee zaidi, haya yaligeuza kibao. Wengi waliozaliwa kabla ya 1957 walikwisha kukutana na virusi vya ukoo huohuo wakiwa wadogo, na kinga ile ikabaki mwilini. Daktari wa zamu, mbele ya mgonjwa mmoja, asingeweza kulijua hilo.

Hesabu hiyohiyo ilionyesha kuwa asilimia 73 walikuwa na pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito au hali nyingine ya kuwadhoofisha. Ndiyo maana chanjo ilipopatikana, wajawazito waliwekwa mbele kwenye foleni.

Neno "waliolazwa" nalo lisomwe kwa makini. Wengi walioambukizwa walipona nyumbani bila kupimwa, kwa hiyo hawamo humu. Anayesema kwamba kila watu 100 wakipata mafua haya, 7 kati yao hufa, ameisoma vibaya ripoti, na anawatia watu hofu bure.