Je, wajua kwa nini barafu inayoyeyuka ndiyo inayookoa samaki?

Mchuuzi wa pale soko la samaki Bagamoyo akifungua deli akakuta barafu bado mabonge makavu, hufurahi kwamba imedumu. Lakini awaguse samaki kwanza. Kama bado wana uvuguvugu, barafu hiyo haijafanya kazi yoyote.

Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0, ikigeuka maji ya nyuzi 0 zile zile, hunyonya kilojuli 334 za joto. Maji hayo yakipanda hadi nyuzi 30 huchukua 126 tu. Na ile barafu kali ya nyuzi 10 chini ya sifuri, inayonata kidoleni, huizidi ya nyuzi 0 kwa kilojuli 21 pekee. Nguvu yote imo katika kuyeyuka.

Aliyelipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1760 ni Joseph Black, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Alitundika ukumbini chupa mbili, moja ya barafu, nyingine ya maji baridi kama barafu. Maji yalipanda nyuzi chache ndani ya nusu saa. Barafu ilihitaji zaidi ya saa 10 kufika hapo hapo. Joto lilikuwa likiingia muda wote huo na kipimajoto hakisemi kitu, ndiyo maana akaliita joto lililofichika.

Sasa tupige hesabu ya deli. Kilo 20 za changu waliotoka majini na nyuzi 28 huhitaji takriban kilo 6 za barafu kushuka hadi 0. Mbona basi wazoefu hutia kilo kwa kilo? Kwa sababu ya kuta. Deli lenye foma ya sentimita 5 na eneo la mita 2 za mraba hupoteza karibu nusu kilo ya barafu kila saa kwenye joto letu la pwani. Sanduku la mbao tupu hupoteza mara nne au tano ya hapo. Bodi la friza bovu, mpira wa mlango ukiwa mzima, ni bora kuliko sanduku jipya la mbao.

Ponda barafu vipande vidogo, na uiponde wakati wa kupanga, si asubuhi. Bonge kubwa humgusa samaki sehemu mbili tatu. Kwingine ni hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Tandika barafu chini, kisha samaki, kisha barafu, na juu kabisa iwe nene, kwa kuwa maji yake baridi hushuka yakiwaosha wote. Acha tundu pembeni chini maji yatoke, la sivyo walio chini watalala kwenye maji ya damu.

Samaki mnene ndiye anayedanganya. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huongezeka kama mara nne. Nguru mkubwa atumbuliwe na tumbo lijazwe barafu. Jodari ndiye wa kuharakishwa zaidi: akikaa na joto, bakteria hutengeneza histamini, ile inayomwasha mlaji na kumvimbisha uso, na hata umchemshe vipi haiondoki.