Skauti si gwaride: yanayosemwa Lamu na yaliyo kweli

Wengi hapa Lamu huwajua skauti kwa siku mbili tatu za mwaka. Ni Madaraka au Mashujaa, watoto wamesimama juani na skafu shingoni, mgeni rasmi hajafika, mmoja anazirai kwa kiu, hotuba zinasomwa, watu wanakwenda zao. Aliyeona hayo tu ukimuuliza skauti ni nini, atakutajia alichokiona: sare, saluti na kusimama wima. Mimi ni fundi wa mashine za boti, na Jumamosi ni kiongozi wa kundi la skauti. Kila nikiandikisha mtoto mpya nasikia maneno yale yale kutoka kwa wazazi, majirani, hata walimu. Mengine yanachekesha. Mengine yanamfungia mtoto mlango bure, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

"Hilo ni jeshi la watoto"

Hii ina chanzo chake. Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, akapata jina kwa kuulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa kuanzia 1899 hadi 1900. Sisi tuliotawaliwa na Waingereza tuna haki ya kumtazama mtu kama huyo mara mbili. Lakini aliyoyafanya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea hayakuwa ya kijeshi. Alikusanya wavulana wapatao 20, wana wa wakubwa pamoja na wana wa vibarua, akawagawa katika doria nne, yaani vikundi vidogo, na kila doria akaikabidhi kwa mvulana mmoja wao aiongoze.

Hadi leo skauti inaendeshwa kwa doria. Ni watoto sita hadi wanane, na mkubwa wao ni mtoto mwenzao. Jeshini amri hushuka kutoka juu. Katika doria, msichana wa miaka 13 ndiye anayeamua nani atateka maji na nani atafunga hema, na wenzake wakimwona anapendelea watamwambia usoni, jambo ambalo sajenti hawezi kufanyiwa. Silaha hatugusi. Gwaride tunalifanyia mazoezi sikukuu ikikaribia, basi.

Hofu ya wazazi wa hapa, hata hivyo, haitokani na historia ya Mafeking. Inatokana na Juni 2014, mashambulizi ya Mpeketoni na miezi ya amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata. Mzazi aliyepitia hayo huwezi kumwambia "usijali" akaridhika. Kwa hiyo namweleza kinagaubaga: kambi zetu haziendi upande wa msitu wa Boni, tunapiga mahali pa kufikika kwa boti, chifu na polisi wanapewa habari mapema, na namba za simu za viongozi anakuwa nazo yeye mwenyewe. Akiisha kusikia hayo, bado ana haki ya kukataa.

"Ni mambo ya kanisa"

Mzee mmoja aliniambia barazani kwamba beji yetu ni msalaba uliofichwa. Nikamweleza kuwa lile ua lenye ncha tatu ni alama iliyokuwa ikichorwa kwenye dira na ramani kuonyesha kaskazini, na Baden-Powell aliichukua huko. Kamba inayolizunguka imefungwa fundo lile lile linalotumika kukunjia tanga. Mzee alikuwa nahodha zamani. Fundo akalikubali, ua akalikataa, akasema dira yake ina herufi tu na ilimfikisha hadi Somalia na kumrudisha. Tukaachana hapo.

Kwa wengine hutoa jibu fupi zaidi. Chama cha skauti chenye wanachama wengi kuliko vyote duniani ni Pramuka cha Indonesia, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Ahadi ya skauti inamtaja Mungu, haitaji kanisa wala msikiti, na kila mtoto huitimiza kwa dini yake. Kambini ratiba yetu hufuata sala. Watoto wa Kikristo wana nafasi yao ya kusali na hakuna anayewachungulia. Mkutano hauwekwi saa za chuo cha Kurani, Ramadhani hatupigi kambi, na Maulidi yakianza pale msikiti wa Riyadha hakuna wa kumtafuta mkutanoni, maana hata mimi sipo.

Na wanaosema ni kitu cha ng'ambo kisichotuhusu wakumbuke kwamba skauti iko Kenya tangu 1910, na mwanzilishi wake amelala Nyeri, ambako alihamia 1938 na kufa Januari 1941. Kitu cha ng'ambo, ndiyo. Lakini kimekaa kwetu kwa zaidi ya karne.

"Wanawafundisha watoto kusalimia kwa kushoto"

Hili silipuuzi, kwa sababu kweli tunasalimiana kwa mkono wa kushoto, na kweli kwetu mkono wa kushoto una kazi yake na kazi hiyo si salamu. Mtoto akimnyooshea babu yake mkono huo na akapigwa kofi, mimi sitamtetea.

Ukweli ni kwamba salamu ile ni ya skauti kwa skauti, kama alama ya kujuana. Hadithi inayosimuliwa zaidi kuhusu asili yake ni ya Waashanti wa Ghana ya leo: shujaa hushika ngao kwa kushoto, kwa hiyo akikupa mkono huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Kwangu nimeweka utaratibu usio na mjadala. Mtu mzima anasalimiwa kwa kulia, na anayestahili kubusiwa mkono anabusiwa. Chakula kwa kulia. Kutoa na kupokea kwa kulia. Mtoto ambaye hata kwa mwenzake roho inamsuta kutoa kushoto, anatoa kulia na hakuna anayemhesabia kosa. Sheria za skauti zinadai adabu, na adabu ya Lamu inajulikana ilivyo. Skauti anayemkera bibi yake kwa jina la skauti hajaelewa alichojiunga nacho.

"Maadili wanayapata kwa kukariri zile sheria"

Dhana hii hutoka kwa wanaotupenda, nayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwalimu anakuja kusikiliza watoto wakizisema sheria kumi kwa pamoja, anapiga makofi, anaondoka akiamini wamepata maadili. Kusema "skauti ni mwaminifu" hata kasuku anaweza. Mtoto hawi mwaminifu mpaka awe na kitu cha kuaminiwa nacho, na kitu hicho kiwe cha kweli, kikipotea pawe na anayelala njaa.

Kambi yetu ya kawaida ni Takwa, kule kisiwani Manda, karibu na yale magofu ya mji wa kale. Maji ya kunywa hakuna, yote tunayabeba kwa madumu kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Na mkondo wa kuingilia, ule unaopita katikati ya mikoko, boti haipiti mpaka maji yajae. Basi doria moja hupewa kazi ya kufuatilia maji kujaa na kupwa: waulize, wahesabu, waseme tutang'oa nanga saa ngapi. Kila siku maji huchelewa kujaa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Yakijaa saa nne leo, kesho ni karibu saa tano.

Safari moja doria iliyopewa kazi hiyo ilisikia kwa mvuvi saa ya kujaa, ikaiandika vizuri, ila ikakosea siku. Wakatupeleka kwa kuchelewa. Nahodha alijua tangu tulipotoka gatini, akaniangalia, nikanyamaza, naye akanyamaza. Tulipofika mdomoni mwa mkondo maji yalikuwa yanapwa. Akatupa nanga, akasema yeye mwisho wake hapo. Watoto wakashuka kwenye tope la magotini, madumu kichwani, masufuria mkononi, kiatu kimoja kikabaki huko mpaka leo. Hakuna aliyeigombeza ile doria. Miguu ya wenzao ilitosha. Mama mmoja alipopata habari akaniuliza, "Mwalimu, ulijua, mbona hukuwaambia?" Nilimjibu kwamba hatari haikuwapo, ilikuwa tope tu. Ingekuwa ni dhoruba ningesema kabla hatujapanda.

Pesa nazo ni hivyo hivyo. Kila doria hupewa fedha za chakula iende sokoni yenyewe: mchele, nazi, nyanya, samaki. Mmoja anashika pesa, mwingine daftari. Wakati mmoja doria ilirudi na hesabu iliyotimia hadi shilingi ya mwisho, ila mstari mmoja ulisomeka "mengineyo, 40". Ukiwatazama midomo ilikuwa myekundu: mabuyu. Jambo likapelekwa kwenye baraza la viongozi wa doria, watoto watupu, mimi nikakaa pembeni na chai yangu. Wakaamua wale walipe hizo 40 kutoka mifukoni mwao, na kwamba kuanzia siku hiyo neno "mengineyo" lisiandikwe katika daftari la doria yoyote. Ziko ofisi hapa nchini zingenufaika na uamuzi ule.

Jioni hiyo hiyo walipika wali wa nazi, wakaupalia makaa juu ya kifuniko kama walivyoona nyumbani, wakayazidisha. Nusu ukawa ukoko mweusi. Kiongozi wa doria, mvulana ambaye nyumbani kwao hajawahi kugusa mwiko, aliwapakulia wenzake ule mweupe akakwangua ukoko akala yeye. Hakuambiwa na mtu. Sheria kumi anazisema kwa kigugumizi mpaka leo.

"Wasichana wanaharibika kambini"

Katika Chama cha Skauti cha Kenya wasichana ni wanachama kama wavulana. Girl Guides ni chama kingine, cha wasichana peke yao, nacho kina historia nzuri: mwaka 1909 wasichana walijitokeza kwenye mkusanyiko wa skauti pale Crystal Palace, London, hawakualikwa, wakadai nao wapate nafasi, na mwaka uliofuata wakaundiwa chao.

Swali la usalama ni la haki, na wazazi wa wavulana wangeliuliza pia, maana wao hawaliulizi kabisa na wanakosea. Kwetu pasipo kiongozi wa kike wasichana hawaendi kambi. Hema zao ziko upande wao. Kiongozi hakai faragha na mtoto mmoja, awe wa kike au wa kiume, na Shirika la Skauti Duniani lina sera ya kuwakinga watoto ambayo kila kundi linapaswa kuifuata. Mzazi akikuta kundi ambalo kiongozi anakasirika akiulizwa haya, amtoe mwanawe siku hiyo hiyo. Buibui na mtandio havizuii kitu. Skafu inavaliwa juu yake.

"Mpeleke skauti atanyooka"

Wanakuja na kijana wa miaka 16, ameshaanza unga, wanasema nimchukue. Ninawaonea huruma, lakini saa mbili za Jumamosi hazitibu uraibu. Huyo anahitaji daktari, na pwani hii methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, inatolewa, Malindi ikiwa mojawapo ya vituo. Akiwa kwenye matibabu na akataka mwenyewe kuja, mlango uko wazi. Lile kundi la wakubwa, Jasiri, ni la vijana waliovuka 18, kwa hiyo hajachelewa. Kumleta kama adhabu ni kumharibia yeye na kuwaharibia waliokuja kwa kupenda.

"Gharama yake ni ya matajiri"

Skafu inatosha kuanza. Sare kamili itakuja ikija.

"Hawa viongozi wanalipwa"

Ni kazi ya kujitolea. Ninapokuwa Takwa, mashine za watu zinanisubiri karakanani na wenyewe wanapiga simu. Kinachowadanganya watu, nadhani, ni mapambo. Aliyemaliza mafunzo ya juu ya uongozi wa skauti huvaa kigwe cha ngozi chenye shanga mbili za mti, desturi iliyoanza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919. Bibi mmoja wa Langoni aliziona shingoni mwangu akaniuliza hirizi hiyo ni ya nini. Nikamweleza. Akauliza, "Na hayo mafunzo, mwanangu, yanakulipa kiasi gani?" Nikamwambia hayalipi, hata nauli ya kwendea niliitoa mfukoni mwangu.

"Basi," akasema, "afadhali ingekuwa hirizi."