Pumba inamshibisha mbwa ila haimjengi: maana ya mmeng'enyo kwenye nafaka

Wengi wetu hapa Mwanza mbwa tunampikia ugali wa pumba na mapanki (yale mabaki ya samaki, kichwa na mifupa, baada ya minofu kutolewa) au dagaa kidogo, bakuli linaisha, mbwa analala, tunajua kashiba. Halafu miezi inapita mbavu zinaanza kuhesabika na uani kila kona kuna kinyesi kikubwa kuliko mbwa mwenyewe anavyoonekana. Anakula sana tu, tatizo ni kwamba kinachobaki mwilini ni kidogo, na hicho kinachobaki ndo kinaitwa mmeng'enyo.

Hesabu yake siyo ngumu. Chukua alichokula toa kilichotoka. Tuseme kala gramu 100 za chakula kikavu, kinyesi chake chote ukikikausha unapata gramu 20, basi 80 zimechukuliwa na mwili, mmeng'enyo ni asilimia 80. Lazima vyote vipimwe vikiwa vikavu manake kinyesi kina maji mengi yatakudanganya. Na inapimwa pia kwa kirutubisho kimoja kimoja, protini peke yake, mafuta peke yake, wanga peke yake, ndo maana chakula kinaweza kuwa na wanga unaoingia karibu wote huku protini yake nyingi inaishia uani.

Sasa kuna watu wanasema mbwa hakuumbwa kula nafaka kabisa, mi sikubaliani. Kweli mate ya mbwa hayana kile kimeng'enya cha wanga kama yetu, kazi inafanywa na kongosho chakula kikishafika utumbo mwembamba. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba jeni (maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya mwili) ya kutengeneza hicho kimeng'enya mbwa wa nyumbani anayo nakala 4 mpaka 30, wakati mbwa mwitu wa nchi za baridi (siyo hawa wa Serengeti, wale ni ukoo mwingine) anazo 2 tu. Yaani kuishi na binadamu na kula makombo yake kumembadilisha mpaka ndani.

Ila awe amepikiwa. Hapa ndo penyewe. Wanga mbichi umekaa kwenye chembe ngumu zilizobanana, kimeng'enya kinashindwa kupenya, sasa ukitia maji na moto zile chembe zinavimba, zinapasuka, unga unanata, ndo ule wakati uji unakuwa mzito sufuriani. Wanga ulioiva hivyo mbwa anaumeng'enya karibu wote, uwe wa mchele, mahindi au mtama. Usipoiva unapita mpaka utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, unapata gesi, kinyesi laini, harufu. Mimi nilikuwa natia pumba kwenye maji ya moto nageuza mara mbili natoa, nikidhani nimepika, kumbe kile kilikuwa kibichi chenye joto. Siku hizi naanza na uji, nauacha utokote vizuri ndo nasonga.

Halafu pumba yenyewe. Mahindi yakikobolewa mashineni wanga mwingi unaenda kwenye sembe, pumba inabaki na nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi mbwa hana uwezo wa kuzivunja, zinavuta maji, zinaongeza kinyesi, na zinatoka na sehemu ya protini. Kidogo siyo mbaya, zinasaidia asifunge choo, lakini zikiwa ndo chakula chenyewe ni hasara. Pumba pia ina fitati, hii inakamata zinki na kalisi zisiingie mwilini, na mbwa akipungukiwa zinki ngozi inaanza magamba kuzunguka macho na mdomo, watoto wanaokua ndo wanaumia zaidi. Pumba za mpunga za mashine ndogo angalia sana, nyingi zimechanganyika na makapi na makapi hayana kitu. Bora chenga za mchele, zinaiva haraka na zinameng'enyeka kuliko karibu nafaka yoyote. Mtama ule mwekundu mchungu una tanini, inashikana na protini isimeng'enywe vizuri, mweupe ni afadhali.

Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, moja ya matofali yanayojenga protini, dagaa anayo, kwa hiyo kuchanganya ni akili nzuri ya wazee wetu. Ila dagaa wa bei ya chini pale soko la Mwaloni Kirumba wengine wameanikwa mchangani, unanunua kilo ndani yake kuna mchanga, na mchanga unavyoingia ndo unavyotoka. Wapepete, waoshe.

Kingine, mahindi yaliyoota ukungu usimpe mbwa kwa sababu eti binadamu kayakataa. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na mbwa ini lake linaharibika haraka sana.

Ukitaka kuona mwenyewe, mtoe kwenye pumba umpeleke kwenye dona iliyoiva au chenga za mchele, polepole kama wiki moja hivi asije akaharisha, dagaa waache kiasi kilekile, halafu angalia kinyesi. Kitapungua na kitakuwa kimeshikana, na bakuli utaanza kulijaza kidogo kuliko zamani.